Rwamagana au Garissa: shamba lipi la sola linakamua jua vizuri zaidi?

Ukitazama ukubwa tu, hakuna mashindano. Garissa, Kenya, iliyozinduliwa Desemba 2019, ina paneli 206,272 zenye uwezo wa megawati 54 na ushei. Rwamagana, Rwanda, ina paneli 28,360 na megawati 8.5 tu, kwenye ardhi ya kijiji cha vijana cha Agahozo-Shalom, ambacho hupata kodi ya shamba hilo.

Ila megawati ni uwezo, si umeme wenyewe. Rwamagana ilitarajiwa kutoa takriban kilowati-saa milioni 15 kwa mwaka. Garissa, milioni 76 hivi. Gawanya kwa uwezo: kila megawati ya Rwamagana hutoa kama milioni 1.76, ya Garissa milioni 1.4. Mdogo anamshinda mkubwa! Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba paneli za Rwamagana hugeuka kulifuata jua toka asubuhi hadi jioni. Mitambo ya kugeuza nayo huongeza gharama na matengenezo.

Usiku? Zote mbili hulala. Kwa gridi ndogo ningechagua mtindo wa Rwamagana. Kwa kuokoa dizeli nyingi ya jenereta za umeme kwa mkupuo, Garissa.