Mafuta ya Maganda ya Korosho kwa Mbao za Vyombo vya Baharini: Yanafaa, ila Uliza Kwanza Kama Yamechemshwa

Mafuta ninayoyazungumzia hapa yanauzwa kwa madumu ya lita 20 na karakana moja ya kubangua korosho iliyoko upande wa bara, na hapa Amu (Lamu) huvushwa kwa mashua kutoka Mokowe. Niliyaagiza ili kuona iwapo yanaweza kushika nafasi ya sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, katika kutunza mbao, kwa kuwa sifa halisi imekuwa ghali na nyingi inayoletwa imeghoshiwa. Yanaweza, kwa sehemu kubwa ya chombo ingawa si yote, lakini muuzaji hana budi kueleza vizuri zaidi kile anachokiuza.

Mafuta haya hayatoki katika kokwa tunayoila, bali katika tabaka lenye vitundu lililomo ndani ya ganda, ambalo korosho zikishabanguliwa huwa takataka. Si ya kupikia kamwe, wala hayana undugu na mafuta ya nazi au ya ufuta. Kikemia yamo katika jamii ya fenoli, dutu ambazo viwanda kwa kawaida huzipata kutokana na mafuta ghafi ya petroli, na hapo ndipo thamani yake ilipo, maana yanapatikana kwa kitu ambacho kingetupwa na bila kumnyang'anya mtu chakula. Yakiwa mabichi, sehemu yake kubwa ni asidi ya anakadi, pamoja na kadoli. Yakipata moto mkali, asidi hiyo huachia hewa ya kaboni dayoksaidi na kugeuka kuwa kadanoli. Kadanoli ina mkia mrefu wa kaboni 15, na mikia hiyo hushikamana polepole kwa msaada wa oksijeni ya hewani, ndiyo sababu mafuta yaliyopakwa hukauka yakawa ngozi ngumu juu ya ubao badala ya kubaki yakiteleza. Viwandani huchanganywa na fomaldehaidi kupata gundi inayostahimili joto, na unga wa gundi hiyo hutiwa katika pedi za breki za magari. Huko India, ambako Wareno waliufikisha mkorosho kutoka Brazili katika karne ya 16, wavuvi wamekuwa wakiyapaka mashua na nyavu zao.

Katika mbao za ndani na mataruma (mbavu za chombo), kazi yake imeniridhisha kabisa. Ubao uliokuwa umeanikwa ukakauka barabara uliyanywa mara moja, na baada ya msimu wa kusi sikuona ukungu wala vumbi la fukusi. Pamba ya kalafati, ile ya kuzibia nafasi kati ya mbao, iliyochovywa humo ilishika vizuri pia, ijapokuwa fundi alilalamika kwamba inanata mikononi na kumchelewesha. Chini, panapozama majini, deheni, yaani mpako wa shahamu na chokaa, ibaki palepale, kwa sababu hiyo hukwanguliwa na kupakwa upya kila chombo kinapopwelewa (kinapoachwa pakavu na maji), ilhali mafuta haya yakishaganda hayakwanguliki kwa urahisi. Mwenye mlango wa nakshi naye asithubutu: huufanya mti kuwa mweusi, na maua yaliyochongwa kwa taabu hupotea.

Lawama yangu ni kuhusu dumu la mwanzo, ambalo nilihakikishiwa kuwa limechemshwa, kumbe lilikuwa bichi. Kijana aliyekuwa akipaka bila glavu alitokwa na malengelenge katikati ya vidole, na ubao wenyewe ulikataa kukauka. (Mkorosho na mwembe ni wa ukoo mmoja, aliyewahi kubabuliwa mdomo na utomvu wa embe ataelewa, ingawa haya ni makali zaidi.) Nilipotia kiasi cha kikombe katika sufuria kuukuu juu ya makaa, yalitulia kwanza, kisha yakaanza kuchemka kwa sauti na kufura povu la kahawia lililopanda hadi ukingoni, na hiyo ndiyo hewa ya asidi inayotoka. Yaliyokwisha kuchemshwa ipasavyo hayafuri namna hiyo. Kipimo hiki kifanyike uwanjani, mbali na watoto, na anayekifanya asimame upande upepo unakotokea, kwani moshi wake huwasha macho na koo.

Mwenye karakana alilibadilisha dumu bila ubishi, na nauli ya kulivusha akailipa yeye, jambo ambalo wauzaji wengi hawalifanyi. Hata hivyo dumu jipya lilifika likiwa halina maandishi yoyote: si tarehe, si onyo kuhusu ngozi, wala neno moja la kuonyesha kama ni bichi au la. Bei yake ni chini ya sifa na chini ya rangi ya mafuta ya dukani, kwa hiyo nitaendelea kuagiza, kwa sharti ambalo mwenyewe amelikubali kwamba kila dumu lipimwe motoni kwanza ndipo lilipiwe.