Baa ndogo ya mvinyo wa Kiitaliano Nyali: chakula, bei na joto la Mombasa

Ukiletewa mvinyo mwekundu hapa Mombasa, kabla hujaonja, izungushie glasi kiganja chako. Usipohisi ubaridi wowote, irudishe. Hicho ndicho kipimo nilichokwenda nacho kwenye hii baa ndogo ya Kiitaliano iliyoko Nyali, barabara ya ndani nyuma ya Links Road. Watazamaji wangu, karibuni. Leo tunakula, tunaonja, na nitawaambia pesa yangu ilikwenda wapi.

Nianze na hilo la ubaridi, maana ndilo lililonitoa nyumbani. Kila mahali utasikia kwamba mvinyo mwekundu hunywewa ukiwa na joto la chumbani. Chumba kipi? Ushauri huo ulitoka kwenye nyumba za Ulaya zenye kuta nene, ambako chumba kina digrii 16 mpaka 18. Chumba cha Mombasa mwezi wa tatu, mchana, kinapita 30. Mvinyo ukifika joto hilo, kileo ndicho kinachotangulia puani, ladha ya matunda inapotea, na ulimi unabaki na ukakasi mtupu. Chupa iliyokaa miezi kwenye rafu yenye joto hilo imeshaharibika kabisa, hata uitie kwenye ndoo ya barafu hairudi. Nimewahi kuletewa mvinyo wa namna hiyo hapa hapa pwani, kwenye mkahawa wenye vitambaa vyeupe mezani na bei ya kutisha. Huwa naudhika, kwa sababu mtu anayeonja kwa mara ya kwanza anaondoka akiamini mvinyo haumfai, na kumbe hakupewa mvinyo, alipewa uzembe.

Sasa tazameni hapa. Mhudumu anafungua friji yenye mlango wa kioo nyuma ya kaunta. Nyekundu ziko rafu za juu, nyeupe ziko chini penye baridi zaidi. Hii ni Montepulciano d'Abruzzo, kutoka mashariki mwa Italia, upande wa bahari ya Adriatic. Angalieni shingo ya chupa: kuna kipande cha tepu, na juu yake tarehe imeandikwa kwa kalamu. Ndiyo siku iliyofunguliwa. Mvinyo ukishafunguliwa hewa huanza kuuharibu. Friji inauchelewesha siku tatu, nne, baada ya hapo unaelekea kwenye siki. Nikamwuliza mhudumu zile zilizopitiliza mnazipeleka wapi. Akanijibu bila kusita, "Jikoni, kaka. Mpishi anapikia." Niliposhika glasi, tumbo lake lilikuwa na ubaridi mdogo, si wa kukutia ganzi, ule wa kutosha tu. Harufu ilikuwa safi, na mdomoni ukaja kama zambarau zilizoiva, utamu kidogo mbele na ukakasi kidogo nyuma. Kwa shilingi 800 glasi moja, nimeridhika kabisa.

Wengine mtauliza, Waitaliano na Mombasa wapi na wapi? Pwani hii inawajua siku nyingi. Miaka ya 1960 walijenga kituo cha kurushia satelaiti baharini karibu na Malindi, kinaitwa San Marco, na mwaka 1967 satelaiti yao San Marco 2 ikarushwa kutoka pale. Baadaye wakaja watalii, wakajenga nyumba na hoteli, na leo ukitembea Malindi au Watamu utakuta muuza vinyago na dereva wa tuktuk wanaongea Kiitaliano bila kutafuta maneno. Vijana wetu wengi wamejifunza kupika pasta kwenye jikoni za huko. Mpishi wa baa hii ni mmoja wao. Alianza kwa kuosha sahani Malindi, na sasa jiko lote ni lake.

Jiko lenyewe ni dogo, na lina dirisha, kwa hivyo unamwona akifanya kazi. Nilisimama pale kumtazama akitengeneza cacio e pepe, na hapa ndipo nataka tukae kidogo. Hiki ni chakula cha Roma, kina vitu vitatu tu: pasta, jibini ya pecorino na pilipili manga. Hakuna krimu, hakuna siagi, hakuna pa kujificha. Jibini ikikutana na sufuria yenye moto mkali inashikana mabonge, na sahani imekwisha. Alichofanya: alizikaanga pilipili manga bila mafuta kwenye kikaango mpaka zikanukia, akatia upawa wa maji yaliyochemshia pasta, akaitia pasta ikiwa bado ngumu kidogo imalizikie humo. Kisha akakitoa kikaango motoni kabisa, akakiweka kando, akasubiri. Pale ndipo wengi wanaposhindwa, kwenye kusubiri. Halafu jibini iliyokunwa laini ikaingia kidogo kidogo, huku anarusha na kuzungusha. Yale maji yana wanga wa pasta, na wanga ndio unaoifanya jibini iyeyuke iwe mchuzi mzito badala ya kushikana. Ikaja mezani inang'aa, kila uzi umevikwa. Nikaukata uzi mmoja kwa meno, nikatazama: katikati kuna kidoa cheupe chembamba. Hapo ndipo pasta inapotakiwa kuishia. Mkahawa ukikupa pasta inayovunjika kwa kuguswa na uma, jua ilichemshwa mchana ikakungoja.

Linguine ya kamba, yaani pasta ndefu iliyo bapa, ilikuwa nzuri, ingawa haikunishtua kama ile ya jibini. Kamba ni wetu wa hapa, na alivisaga vichwa vyao kwenye mchuzi, ndiyo maana una ule utamu wa ndani wa bahari. Usiombe jibini juu yake. Waitaliano kwa desturi hawaweki jibini kwenye pasta ya vitu vya baharini, na ukionja utaona sababu: jibini ingeufunika ule utamu. Pamoja nayo nilikunywa Vermentino ya Sardinia, mvinyo mweupe mkavu, baridi kali, una uchumvi kwa mbali. Kama utakwenda kwa ajili ya sahani moja na glasi moja, na unapenda vitu vya bahari, chukua hizi mbili.

Samaki wameandikwa kwenye ubao, si kwenye menyu, na nimependa hilo. Wakati wa kusi bahari ikichafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, na samaki wa maana hawapatikani kila siku. Mkahawa wenye samaki wale wale mwaka mzima unatoa kwenye barafu. Hapa siku hiyo ubao ulikuwa na kamba na pweza tu, kwingine pamefutwa.

Niliandamana na dadangu, na yeye hanywi pombe wala hali nguruwe. Najua watazamaji wengi wa Mombasa mko kama yeye, kwa hivyo nisikilizeni vizuri. Jikoni mna nguruwe: carbonara yao, pasta ya mayai na jibini, ina guanciale, yaani nyama ya shavu la nguruwe, kama inavyotakiwa Roma. Mhudumu alimwambia dadangu wazi kabla hata hajauliza, akasema vikaango ni tofauti ila jiko ni moja. Tiramisu yao, ile keki laini ya kahawa, ina Marsala, ambayo ni mvinyo, na hilo pia alilisema. Na kwa anayechunga zaidi, jibini za pecorino na parmigiano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumboni mwa mwanakondoo au ndama, kwa hivyo mtu aamue mwenyewe. Dadangu alichukua linguine na maji ya ukwaju, akala akamaliza. Kwa wasioweza kukaa penye pombe kabisa, basi hapa si mahali penu, na sitawashawishi.

Yasiyonipendeza. Bruschetta ilikuja na mkate umeshalowa. Nyanya zilikatwa mapema zikatoa maji, na mkate ukakosa ule mlio wa kuvunjika. Kwa shilingi 550 nataka mkate uliochomwa wakati huo huo, upakwe kitunguu saumu ukiwa moto, nyanya ziwekwe mwisho. Pili, orodha ya mvinyo inataja jina na bei tu. Haikwambii mwaka wala mzalishaji, inabidi umwite mhudumu akuonyeshe chupa. Yule wa siku hiyo alijua kazi yake, lakini siku akiwa likizo je? Chianti, mvinyo mwekundu wa Toscana, iko ya kila namna, na mteja ana haki ya kujua analipia ipi. Tatu, meza za uani ni nzuri, kuna upepo, ila mbu wapo. Wawashe feni za chini.

Bei sasa. Bruschetta 550, cacio e pepe 1,200, linguine ya kamba 1,600, Vermentino 850, Montepulciano 800, ukwaju 300, tiramisu 600. Jumla shilingi 5,900 kwa watu wawili. Si pesa ndogo. Kwa pesa hiyo familia nzima inakula biriani na vya ziada. Lakini nikilinganisha na hoteli za ufuoni, ambako nimelipa zaidi ya hapo kwa pasta iliyolala na mvinyo moto, hapa nimeona kazi ya mikono na heshima kwa mteja. Bei ya cacio e pepe ningeilipa tena kesho.

Ukitaka kupunguza, nenda mapema jioni uchukue glasi moja na sahani ya zeituni na jibini, ukae kaunta. Utatumia kama 1,400, na utapata nafasi ya kuongea na mhudumu kuhusu chupa alizofungua. Mkiwa wengi, kumbukeni ni meza saba tu. Pigeni simu kabla, na mkiomba meza ya ndani iliyo karibu na dirisha la jiko mtakuwa mmefanya vyema. Ukinywa, acha gari nyumbani. Tuktuk zinapita barabara kubwa mpaka usiku.

Wanafungua saa kumi na moja jioni, Jumatatu wamefunga. Jina na ramani nimeweka kwenye maelezo chini ya video.