Sensa ya temperecha ya Corolla 100: ya boksi jeupe na ya mtumba, nimezichemsha zote mbili

Gari ni Corolla 100 ya 1994, injini 5A, nimeirithi kwa baba. Naishi Kibamba, nafundisha fizikia mjini, na miaka yote mshale wa temperecha ulikuwa unapanda hadi chini kidogo ya nusu, unatulia hapo. Mwezi wa tatu ukalala kwenye C, yaani baridi, haukuinuka tena. Nafika Ubungo boneti haishikiki kwa joto, mshale bado C.

Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti. "Madam, dashibodi hiyo imekufa, tutafute nyingine." Laki na ishirini, na ingekuja na kilomita za gari la mtu mwingine! Nikamwambia ngoja nijipange kwanza. Mnajua maana yake.

Kwenye 5A, upande wa distributa, kuna sensa mbili. Ya waya mbili inapeleka habari kwenye kompyuta ya injini. Ile ndogo ya waya mmoja ndiyo ya mshale, na wengi wanazichanganya. Nikachomoa waya wa ile ndogo, nikafungua swichi bila kuwasha injini, nikaugusisha waya kwenye chuma cha injini kupitia balbu ndogo (usiugusishe mtupu ukauacha, utaunguza geji). Mshale ukapanda. Basi geji nzima, waya mzima, mgonjwa ni sensa. Dakika tano na sijalipa mtu.

Nikanunua sensa mpya, boksi jeupe lisilo na jina la kiwanda, 7,000. Fundi mwingine akaifunga, na mshale ukaamka. Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu nimekwama foleni Kimara, feni ya rejeta ikaanza kuvuma. Feni ina swichi yake yenyewe, haiangalii mshale, na haiwaki mpaka maji yawe ya moto kwelikweli. Mshale ulikuwa robo.

Fundi akasema labda thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, ilishatolewa, ndiyo maana injini haipati joto. Si wazo baya. Mjini hapa wanazitoa kama meno mabovu, kisha mwenye gari anashangaa mafuta yanakwenda wapi. Yangu ipo, imeandikwa 82 (ni sentigredi), na ilifungua vizuri kwenye maji ya moto. Halafu nikagundua nyuzi za sensa, ile misumeno ya kukazia kama ya bolti, zimezungushiwa ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, raundi kama nne. Sensa ya waya mmoja inapata athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye chuma cha injini, kupitia nyuzi zake. Ukiifunika, unaiziba mdomo. Nikaitoa tepu, nikarudishia sensa, nikazunguka mtaa mzima. Robo ileile.

Hapo ndipo nikaingia jikoni. Sufuria ya uji, maji, kipimajoto cha maabara, mita ya umeme, na binti yangu akiuliza kama chakula cha jioni kipo. Sensa hizi, joto likipanda ukinzani unashuka, umeme unapita kwa wingi, mshale unapanda. Maji yalipotokota, sensa ya boksi jeupe ilisoma ohmu 82. Namba peke yake haikuniambia kitu, nilihitaji ya kuilinganisha nayo.

Nikaenda Ilala, Shaurimoyo, kwenye duka la spea za mtumba nililoelekezwa na dereva teksi. Ni kibanda tu, injini zimepangwa hadi mlangoni. Kijana akanitolea sensa ya waya mmoja iliyofunguliwa kwenye 5A ileile, 10,000. Nikamwomba niipime. Nilitegemea agune. Yeye akamwita mama wa chai aliye pembeni, akaazima chupa, akamimina maji ya moto kwenye kopo la plastiki, akanishikia waya za mita. Kwenye maji hayo ukinzani ukashuka vizuri, bila kurukaruka. "Mwalimu nini wewe?" akaniuliza. Nyumbani, kwenye sufuria ileile, maji yakitokota: ohmu 35. Hiyo ni chini ya nusu ya ile ya boksi jeupe.

Nimeifunga mwenyewe bila tepu, nikaongeza maji na kutoa hewa. Kibamba hadi mjini, mshale umerudi pale alipouzoea baba, na feni ikivuma haupandi zaidi ya hapo.

Sensa ya boksi jeupe naipa nyota moja. Iliyokufa kabisa ina nafuu, angalau unajua haifanyi kazi. Hii inakuonyesha robo wakati injini inaiva. (Na mshale uliokuwa juu ukishuka ghafla, simama: huenda maji yamekwisha na sensa imebaki hewani.) Duka la mtumba, nyota nne. Nimepunguza moja kwa sababu hakuna kurudisha, ukivuka mlango ni yako, na risiti niliandikiwa nyuma ya boksi la plagi baada ya kuiomba mara tatu. Nendeni asubuhi kabla ya saa nne, baadaye hapana pa kuegesha. Maji ya moto bebeni yenu, mama wa chai alinidai mia tano.