Widal ilinipa taifodi mara tatu: uzoefu wangu na vipimo vya kingamwili

Nimeugua homa kwa karibu miezi mitano, na katika muda huo nimetolewa damu mara nyingi kuliko maisha yangu yote ya nyuma. Naandika kwa ajili ya mtu mwenye karatasi ya Widal, kipimo cha damu cha taifodi, mkononi, ambaye ameambiwa ana taifodi na anajiandaa kunywa antibayotiki kwa mara ya pili au ya tatu.

Homa yangu ilikuwa ya jioni. Asubuhi naamka nikiwa na nafuu, jua likizama mwili unawaka, usiku nalowa jasho mpaka shuka inabadilishwa. Kiuno na magoti viliniuma kama mtu aliyebeba mizigo. Nilipimwa malaria, haikuonekana. Nikapimwa Widal: TO 1:80, TH 1:160. Nikaambiwa ni taifodi, nikapewa dawa za wiki mbili. Nafuu ikaja, kisha homa ikarudi. Kipimo kikarudiwa: taifodi. Dawa nyingine. Mara ya tatu, vilevile.

Hakuna aliyenieleza namba zile zina maana gani. Nilikuja kuelezwa baadaye na mtaalamu wa maabara, na nashukuru alichukua muda wake. Kipimo hiki kilielezwa na Fernand Widal jijini Paris mwaka 1896, na hadi leo hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili umetengeneza dhidi yake. Maji ya damu yako yanachanganywa na bakteria wa taifodi waliokwisha kuuawa. Kingamwili zikiwepo, bakteria wanashikana na kufanya chembechembe zinazoonekana kwa macho. Damu huzimuliwa hatua kwa hatua, na 1:80 maana yake ni kwamba hata ilipozimuliwa mara 80 bado iliwashikanisha. Herufi O na H ni sehemu mbili za bakteria: O ni ya ganda lake, H ni ya mikia anayoogelea nayo. Kingamwili za O hupungua baada ya miezi kadhaa. Za H zinaweza kukaa miaka.

Hapo ndipo penye tatizo. Ukiwahi kuugua taifodi zamani, au kuchanjwa, au kupata bakteria wa jamii ile ile ya Salmonella, karatasi yako inaweza kuonyesha namba huku homa ya leo ikiwa na sababu nyingine kabisa. Hata malaria inaweza kukifanya kipimo kionekane chanya. Upande wa pili, mwenye taifodi ya kweli akipimwa siku za mwanzo za homa anaweza kukutwa hana kitu, kwa sababu kingamwili huchukua kama wiki moja au zaidi kuonekana.

Daktari wa nne ndiye aliyeomba karatasi zangu zote. Akazipanga mezani kwa tarehe, kidole chake kikapita juu ya namba: 80 na 160, 80 na 160, 80 na 160. Akaniambia kwamba ungekuwa ugonjwa mpya angetarajia namba zipande, kwa mfano kutoka 1:40 hadi 1:160, yaani mara nne, kati ya damu ya kwanza na ile iliyotolewa siku 10 hadi 14 baadaye. Zangu zilikuwa zimelala palepale. Karatasi tatu nilizozichukua kama ushahidi wa taifodi tatu, kwake zilikuwa dalili kwamba tunamfukuza asiyehusika.

Akaagiza damu ioteshwe. Hicho ndicho kipimo cha kumkamata bakteria mwenyewe, ila kinachukua siku kadhaa na damu inapaswa kutolewa kabla ya antibayotiki. Mimi nilikuwa nimetoka kuzimaliza. Hakikuota kitu, naye akasema wazi kwamba jibu hilo halitoshi kuniondolea shaka. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: je, nahudumia mifugo, au nimekunywa maziwa yasiyochemshwa? Yote mawili, ndiyo.

Akaagiza nipimwe brusela, ugonjwa wa bakteria ambao mtu huupata kwa mifugo na maziwa mabichi. Kipimo chake cha haraka, kile cha tone juu ya kigae, kilitoka hasi. Ningeishia hapo kama si yule mtaalamu wa maabara kuizimua damu yangu kwenye mirija. Mirija ya mwanzo ilikuwa mitulivu. Kadiri alivyozidi kuzimua, chembechembe zikaanza kuonekana, na zikaendelea hadi 1:640. Alinieleza kwamba kingamwili zikizidi mno, kila bakteria anafunikwa na zake na hakuna za kumuunganisha na mwenzake, hivyo kipimo kinadanganya kuwa hakuna kitu. Ukizimua, kinasema kweli. Sijasahau maelezo hayo. Nilikuwa na ugonjwa mwingi kiasi cha kuonekana mzima.

Kwa hiyo siwezi kusema vipimo hivi ni vibaya, maana ni kimoja cha aina hiyo hiyo kilichonitoa gizani. Ninachokilalamikia, na kwa uchungu, ni Widal ya damu moja, kwenye kigae, isiyo na swali wala ya kulinganisha nayo. Ukipimwa, omba namba ziandikwe, usikubali neno "chanya" peke yake. Zitunze karatasi zako. Uliza kama damu inaweza kuoteshwa kabla hujameza kidonge cha kwanza. Homa kali isisubiri majibu, daktari aanze tiba akiona inafaa, lakini damu itolewe kwanza.

Nilitumia doxycycline pamoja na rifampicin kwa wiki sita, bila kuruka siku. Jasho la usiku lilikoma wiki ya pili, kiuno kilichelewa. Miezi minne baadaye nilipimwa tena brusela na ikasoma 1:160. Moyo ulinidunda. Daktari hakuangalia karatasi kwanza. Aliniuliza kama nina homa, kama nalala vizuri, kama viungo vinauma. Hapana, ndiyo, hapana. Akaniambia kingamwili huchelewa kuondoka mwilini hata mgonjwa akishapona, akaandika tarehe ya kurudi, na karatasi ile mpya akaibana pamoja na zile za zamani.