Uzoefu wangu na seti ya moldi za "udaktari" kwenye keki ya dada mkunga

Kwanza niseme mimi siyo mpambaji wa kazi, napikia watu wa nyumbani na marafiki tu, kwa hiyo haya ni maoni ya mtu mwenye mikono ya kawaida. Dada yangu ni mkunga, amezalisha mpaka wengine aliowapokea wamerudi wakubwa akawazalisha na wao, sasa anastaafu na keki nikaangushiwa mimi. Nikaiona hii seti mtandaoni imeandikwa ni ya keki za watu wa hospitali, moldi saba za silikoni, pakiti tatu za fondanti, ile sukari laini ya kufunikia keki (nyeupe, nyekundu, nyeusi), na topa moja ya plastiki ya nyoka, yaani pambo la kusimamisha juu ya keki, nikasema basi nusu ya kazi imeisha. Wapi.

Nianze na zuri maana lipo. Vitu vidogo vinatoka safi sana. Unapaka konflawa kidogo ndani ya moldi, unagandamiza fondanti, unakwangua mgongo kwa kisu ili iwe bapa, unaweka friza dakika 10 hivi halafu unakunja moldi kinadondoka chenyewe. Ukiruka friza utavuta kipande kitoke kirefu kama chapati iliyochanika, nilijaribu nikaona. Plasta ndiyo ilinifurahisha zaidi, hadi vile vitobo vyake vinaonekana. Vidonge navyo vinatoka kama vya kweli kabisa na hapo nikasita, maana kwenye sherehe yetu kuna watoto wadogo na sitaki mtoto ajue kwamba kidonge ukikiokota mezani ni pipi. Nikaviacha. Na kusema kweli mkunga na vidonge wapi na wapi.

Stetoskopu sasa. Moldi inakutolea ile sahani ya kifuani na vile vya masikioni tu, mpira unaviringisha mwenyewe kwa mkono, na fondanti yao ni laini mno, nikiviringisha inakuwa nyembamba huku nene kule, nikiipinda inapasuka kwenye kona. Nilikuja kuikanda na unga wa tailosi, ule wa kukazia fondanti, kijiko kimoja cha chai kwenye kama robo kilo, ikakaza vizuri. Ila sikiliza hapa, mpira ulaze juu ya keki palepale ukiwa bado unapindika, usiukaushe umenyooka kisha uje kuupinda siku ya pili, utalia. Cha kukausha kabla ni vile vya masikioni peke yake, mimi niliviacha siku mbili. Kuhusu fondanti nyeusi kuja tayari nawapongeza, kwa sababu ukitaka kuigeuza nyeupe iwe nyeusi mwenyewe utamwaga rangi mpaka inate mikononi na kuwa chungu. Ndimi za wageni ziligeuka nyeusi lakini hilo walilicheka wenyewe.

Sasa kimbembe. Kuna moldi ya ule mstari wa mapigo ya moyo, nikatoa vipande kadhaa nikaunganisha nikazungushia keki nzima, nimerudi nyuma naiangalia najisifu. Mpwa wangu anayesomea udaktari akaingia jikoni kutafuta maji, akasimama, akaniuliza, "Mamdogo, huyu mgonjwa mbona ameshaondoka?" Kumbe moldi imechongwa mapigo mawili upande wa kushoto halafu kulia mstari umelala chali mpaka mwisho. Yaani keki yangu inakufa, inafufuka, inakufa tena, kuzunguka mara tano. Huyo aliyechonga hiyo moldi hajawahi kumuonyesha mtu yeyote wa hospitali, nina uhakika. Ilibidi nibandue yote, nikate mikia, niunganishe mapigo kwa mapigo. Mpwa bado hajaridhika, akasema kama ni keki ya mkunga basi weka mapigo ya mtoto aliye tumboni, ambayo ni 110 hadi 160 kwa dakika wakati mtu mzima akiwa ametulia yuko 60 hadi 100, kwa hiyo yabane yakaribiane. Nikayabana. Ikapendeza kuliko mwanzo, mstari ukawa na haraka fulani hivi kama mtu anakimbia.

Topa ya nyoka nayo akaikataa. Ina nyoka wawili na mabawa, na hiyo kwa asili ni fimbo ya Hermes, mungu wa Wagiriki wa wafanyabiashara na wasafiri, wakati ya tiba ni ya Asclepius, mungu wao wa tiba, yenye nyoka mmoja bila mabawa, kama iliyopo kwenye nembo ya Shirika la Afya Duniani. Kitengo cha tiba cha jeshi la Marekani kiliichukua ile ya nyoka wawili mwaka 1902 na watu wengi wakafuata, ndiyo maana unaikuta kila mahali. Mgeni wa kawaida asingejua, ila sherehe ilikuwa na wakunga na manesi chumba kizima, hao ningewaambia nini? Ikarudi kwenye boksi. Msalaba mwekundu pia sikuutumia, ule juu ya cheupe ni nembo inayolindwa na Mikataba ya Geneva, siyo pambo la hospitali tu, nikautoa wa zambarau.

Lawama yangu kubwa ni kwamba kwenye moldi zote saba hakuna hata kitu kimoja cha mkunga. Kwa aliyetengeneza, tiba ni stetoskopu na sindano basi. Dada yangu chombo chake ni fetoskopu, kile kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto, alichokibuni daktari Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895 na mpaka leo hakihitaji umeme wala betri. Nikakifinyanga mwenyewe. Nilichukua nozo kubwa ya chuma ya kukamulia krimu nikaipaka konflawa, nikaizungushia fondanti yenye tailosi kupata ule mdomo mpana, nikaviringisha shingo, nikakata duara la sikioni, tundu nikalipitisha kwa mrija, kikakauka siku tatu. Rangi ya mbao nilipaka unga wa kakao kwa brashi kavu, na michirizi nikaikwaruza kwa kijiti cha meno. Hicho ndicho kilichobeba keki, siyo cha boksi.

Onyo moja la mwisho na hili siyo kosa la seti, ni ujinga wangu. Keki ikishavaa fondanti nilitaka ilale friji usiku, asubuhi nimeitoa ikaanza kutoa jasho, weusi wa stetoskopu ukachirizika kwenye weupe kama wanja wa bibi harusi aliyelia. Inatakiwa uifungie kwenye boksi la karatasi, na ukiitoa usilifungue mpaka baridi iishe yenyewe. Pale palipochafuka nikabandika plasta, nimshukuru Mungu zilikuwa nyingi.

Nawapa nyota 3 kati ya 5. Moldi ya plasta, sindano na chupa nitazitumia tena, ya mapigo ya moyo mpaka niikate mkia, vidonge na topa hapana.

Dada alipoiona keki hakugusa kisu. Aling'oa fetoskopu, akamwita shemeji, akamuinamia kwenye kitambi akasikiliza kwa muda akiwa amekunja uso kabisa kama yuko zamu, kisha akawageukia wenzake akasema, "Mapacha." Hiyo fetoskopu amekataa isiliwe, iko kabatini kwake imekauka kama jiwe.