Geji ya ukingo wa risasi za .22, mi naipa nyota nne

Geji inafungwa kwenye kalipa ya dijitali (kile kifaa cha kupimia unene), unasukuma risasi ndani inakusomea unene wa ule ukingo wa nyuma wa ganda, na hapo ndo pini inapogonga na ndo dawa ya kuwashia ilipo, sasa ukingo ukitofautiana moto nao unatofautiana, ukipiga mita 50 utaiona tu kwenye karatasi ya shabaha. Nimegawa risasi zangu za bei rahisi mafungu mafungu na zile zinazoruka nje ya kundi la matundu kwenye shabaha zimepungua kwelikweli! Kupima kwa mizani sishauri, kichwa cha risasi peke yake ni gramu 2.6 hivi, baruti ni kama 0.1 tu, utajuaje kilichozidi ni nini? Nyota moja nimekata sababu ni kazi ya polepole mno. Wenye Eley Tenex, zile risasi ghali za mashindano zinazotoka kiwandani zikiwa sawasawa, msihangaike nayo.