Kozi ya utambuzi wa silaha za maangamizi kwa wahudumu wa dharura

Kozi hii ya mtandaoni imeandaliwa kwa wahudumu wa magari ya wagonjwa, na lengo lake ni utambuzi tu: haimfanyi mtu kuwa mtaalamu wa kemikali wala wa mabomu. Nimeisoma nikiwa mhudumu, na naipa nyota nne kati ya tano.

Sura ya kemikali ndiyo bora kuliko zote. Mwanafunzi anaonyeshwa mlango wa kituo cha treni ambapo watu wameanguka bila jeraha wala damu, wanatokwa na mate na machozi, na mboni za macho yao zimesinyaa mno. Kisha anaulizwa gari alisimamishe wapi. Akichagua karibu na mlango, zoezi linakomea hapo, naye anaelezwa kwamba alipaswa kukaa upande unakotoka upepo, kutoa taarifa na kuwazuia wenzake wasiingie bila kinga. Mfano uliotolewa ni wa Tokyo, tarehe 20 Machi 1995, sarini, kemikali yenye sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu, ilipoachiliwa ndani ya treni za chini ya ardhi: kati ya wahudumu 1,364 waliokwenda kuokoa, 135 walipata dalili wao wenyewe, kwa kuwa nguo za wagonjwa ziliendelea kutoa mvuke wa sumu. Takwimu hiyo ingepaswa kujulikana na kila dereva wa gari la wagonjwa.

Kuhusu mabomu, kozi inasisitiza kilipuzi cha pili, kama kile cha Atlanta, Marekani, mwezi Januari 1997 kilicholipuka takriban saa moja baada ya cha kwanza, waokoaji wakiwa tayari wamefika. Sura ya mionzi ni fupi lakini sahihi: kuokoa maisha hutangulia kupima uchafuzi. Ile ya vimelea vya magonjwa haitoshi, kwani haielezi vya kutosha kwamba mgonjwa wa kimeta huanza na homa ya kawaida siku kadhaa baadaye, mbali na mahali alipoambukizwa.

Upungufu mkubwa uko kwenye kuondoa sumu iliyobaki juu ya nguo na ngozi ya mgonjwa, na kumtibu. Kumvua mgonjwa nguo huondoa sehemu kubwa ya uchafuzi, lakini kuzikata bila kuzipitisha usoni pake, au kumchoma pajani sindano ya atropini, dawa ya kukabili sumu kama sarini, huku umevaa glovu nene za mpira, hakujifunzwi kwa kutazama video ya dakika chache. Wasimamizi wa vituo watakaowaandikisha watumishi wao wapange pia mazoezi ya vitendo, wakiwa na mavazi kamili ya kinga.